Patrick Steptoe: Daktari aliyebezwa akiwatafutia tiba waliokosa watoto

USIKU wa Julai 25, 1978, daktari mwenye mvi aliingia kimyakimya katika chumba cha upasuaji cha Hospitali Kuu ya Oldham, kaskazini mwa Uingereza. Nje ya lango, wanahabari kutoka pembe zote za dunia walikuwa wamepiga kambi kwa siku kadhaa. Baadhi yao walijaribu kujipenyeza hadi wodini wakijisingizia kuwa wafanyakazi wa hospitali. Wakati mmoja ilipigwa simu ya uongo kwamba palikuwa na bomu, na wagonjwa wakalazimika kutolewa nje.

Saa tano na dakika 47 usiku, daktari huyo alimtoa tumboni mwa mamake mtoto wa kike mwenye uzani wa kilo 2.6. Mtoto alilia kwa nguvu. Alikuwa mzima, hakuwa na kasoro yoyote, na alikuwa binadamu wa kwanza duniani kuzaliwa baada ya mimba yake kutungwa nje ya mwili wa mwanamke.

Daktari mwenyewe alikuwa Patrick Christopher Steptoe. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 65 mwezi mmoja na nusu uliotangulia, umri ambao madaktari wa hospitali za umma nchini humo walitakiwa kustaafu. Kwa muda wa miaka kumi alikuwa amebezwa na wenzake, akanyimwa fedha za utafiti na kushutumiwa kuwa anaingilia kazi ya Mungu. Usiku huo majibu yake yalikuwa mikononi mwake, yamefunikwa kwa taulo.

Kijana wa kinanda

Steptoe alizaliwa Juni 9, 1913 katika eneo la Oxford na kulelewa katika mji mdogo wa Witney, katika familia yenye watoto wengi. Mamake alikuwa mtu wa shughuli za kijamii, aliyejitolea kuwasaidia akina mama wenzake.

Tangu utotoni kijana huyo alijulikana kwa kipaji cha muziki. Alipiga kinanda kanisani, na wakati filamu zilipokuwa bado hazina sauti, alipiga piano katika jumba la sinema la mji wao huku watazamaji wakifuatilia picha. Wengi walitarajia kwamba angeishi kwa muziki. Hata hivyo, aliamua kusomea udaktari mjini London, katika Chuo cha King's na Hospitali ya St George's, akafuzu mwaka wa 1939. Vidole vilivyozoea kinanda ndivyo vilivyokuja kushika vyombo vya upasuaji, na mapenzi yake kwa piano hayakumtoka maisha yake yote.

Mwaka huohuo Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilianza. Steptoe alijiunga na jeshi la wanamaji kama daktari. Mnamo Mei 1941 manowari aliyokuwamo, HMS Hereward, ilizamishwa na ndege za adui karibu na kisiwa cha Krete. Aliokolewa baharini na kutiwa mbaroni na Waitaliano.

Kambini, kwa vile alikuwa daktari, alipewa uhuru kiasi wa kutembea. Aliutumia uhuru huo kuwasaidia wafungwa wenzake kutoroka. Alipogunduliwa, alifungiwa peke yake. Aliachiliwa mwaka wa 1943 katika mpango wa kubadilishana wafungwa, na mwaka huohuo akamwoa Sheena Kennedy, mwigizaji wa jukwaani, ambaye walijaliwa naye watoto wawili.

Mji wa viwanda vya pamba

Baada ya vita Steptoe alibobea katika magonjwa ya wanawake na ukunga. London ilikuwa imejaa madaktari waliokuwa wakingojea nafasi katika hospitali kubwa, na nafasi zenyewe zilikuwa chache. Mwaka wa 1951 alikubali kazi Oldham, mji wa viwanda vya pamba karibu na Manchester, mahali ambapo mtaalamu aliyetaka jina kubwa hakuwa na hamu ya kwenda.

Alikuta kazi tele. Wanawake wengi wa eneo hilo walikuwa wamekaa muda mrefu bila kuonana na mtaalamu wa uzazi, na magonjwa yao yalikuwa yamekomaa. Miongoni mwao walikuwamo waliotafuta mtoto kwa miaka mingi bila mafanikio. Steptoe alianzisha kliniki yao.

Ni katika kliniki hiyo ndipo alipoanza kulitazama suala la kukosa mtoto tofauti na wenzake wengi. Wakati huo utasa haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Mwanamke aliambiwa arudi nyumbani, atulie, asubiri, au achukue mtoto wa kulea. Steptoe aliona kwamba wengi wao walikuwa na kasoro ndogo tu: mirija ya uzazi, ile inayopitisha yai kutoka kwenye ovari hadi kwenye mji wa mimba, ilikuwa imeziba. Mayai yalikuwapo na mji wa mimba ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni njia.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Steptoe aliwasikiliza wale waliokuwa na uchungu wa mwana ambaye hajaja. Katika kitabu alichoandika baadaye na mwenzake Robert Edwards, alieleza kwamba huzuni hiyo ilikuwa kubwa kuliko jamii ilivyotaka kukiri, na kwamba daktari hakuwa na haki ya kuipuuza eti kwa sababu haiui.

Kitundu karibu na kitovu

Tatizo la kwanza lilikuwa kuona. Ili kujua kama mirija imeziba, daktari alilazimika kumpasua mwanamke tumbo. Wengi walifanyiwa upasuaji huo mkubwa, wakalala hospitalini kwa siku nyingi, na mwishowe wakaambiwa hakuna la kufanya.

Steptoe alipata habari za daktari wa Ufaransa, Raoul Palmer, aliyekuwa akitumia chombo chembamba chenye lenzi kuchungulia ndani ya tumbo. Alisafiri hadi Paris kumwona akifanya kazi. Alifuatilia pia maendeleo ya Ujerumani, ambako mafundi walikuwa wamebuni namna ya kupitisha mwanga mkali usiochoma kwa nyuzi za kioo.

Alirudi Oldham, akafanya mazoezi kwenye maiti, kisha akaanza kuwahudumia wagonjwa. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza, ila ni mgumu kuutenda. Mgonjwa hupewa nusukaputi. Gesi hupulizwa tumboni ili ngozi ya tumbo iinuke na kuacha nafasi. Kisha hutobolewa kitundu kidogo karibu na kitovu, na chombo chenye lenzi na taa huingizwa hapo. Daktari huviona viungo vya uzazi mbele ya macho yake, na mgonjwa huweza kwenda nyumbani baada ya muda mfupi.

Mwaka wa 1967 Steptoe alichapisha kitabu kuhusu mbinu hiyo, laparoskopi, ambacho kilikuwa cha kwanza cha aina yake kwa Kiingereza katika tiba ya wanawake. Madaktari wakubwa wa Uingereza hawakuvutiwa. Wengi waliiona mbinu hiyo kuwa ya hatari na isiyo na faida, tena imeletwa na mtu wa mji mdogo wa viwanda. Leo hii laparoskopi hutumiwa kote duniani, kuanzia kuondoa nyongo hadi kutibu uvimbe, na wengi wanaofanyiwa hawajui kuwa iliwahi kuchekwa.

Mtaalamu wa mayai

Huko Cambridge, Robert Edwards alikuwa na tatizo lake. Alikuwa mwanasayansi wa maabara, si daktari wa wagonjwa. Kwa miaka mingi alikuwa akichunguza jinsi mayai ya binadamu yanavyokomaa, na alikuwa ameanza kuamini kwamba yai lingeweza kurutubishwa katika chombo cha maabara. Lakini mayai yaliyokomaa yamo ndani ya mwili wa mwanamke, na hakuwa na namna ya kuyafikia.

Aliposoma makala ya Steptoe alitambua kuwa huyo ndiye mtu aliyekuwa akimtafuta. Alimpigia simu. Hata hivyo, wenzake walimtahadharisha dhidi ya kushirikiana na daktari huyo, naye akasita. Mwaka wa 1968 walikutana katika mkutano wa madaktari mjini London. Mmoja wa wazungumzaji alipodai kuwa laparoskopi haina manufaa, Steptoe alisimama na kumpinga mbele ya wote. Edwards alimfuata baada ya kikao, na ushirikiano wao ukaanza papo hapo.

Wa tatu alikuwa Jean Purdy, muuguzi kijana wa umri wa miaka 23 aliyeajiriwa na Edwards mwaka huo. Alikusudiwa awe msaidizi wa maabara. Muda si muda akawa nguzo ya kazi nzima: ndiye aliyetunza kumbukumbu, akaandaa vimiminika vya kukuzia mayai na kuwafariji wanawake waliokuja. Purdy alipolazimika kukaa nyumbani kumuuguza mamake, kazi yote ilisimama hadi aliporejea.

Watatu hao waliweka maabara ndogo katika hospitali ya Dr Kershaw's, mjini Royton, karibu na Oldham. Edwards na Purdy walisafiri kwa gari kutoka Cambridge, safari ya zaidi ya kilomita 250, wakakaa siku kadhaa, wakarudi, kisha wakaja tena. Wauguzi wa Steptoe, wakiongozwa na Muriel Harris wa chumba cha upasuaji, walijitolea kufanya kazi saa za ziada.

Mwaka wa 1969 walitangaza katika jarida la Nature kwamba mayai ya binadamu yamerutubishwa katika maabara. Mwaka wa 1971 walionyesha kuwa kiinitete kinaweza kukuzwa hapo kwa siku kadhaa. Kilichobaki ni kukirudisha tumboni mwa mama na kikashika.

Mlango wafungwa

Mwaka huo wa 1971 waliomba fedha kutoka kwa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakakataliwa.

Sababu zilikuwa kadhaa. Wataalamu wa baraza walitaka majaribio yafanywe kwanza kwa nyani ili usalama wa watoto uthibitishwe. Walichukizwa na jinsi wawili hao walivyozungumza na magazeti. Hawakuwa na imani kubwa na hospitali ndogo ya Oldham. Isitoshe, kilio cha wakati ule kilikuwa cha ongezeko la watu duniani. Viongozi wa tiba walikuwa wakihimiza njia za kuzuia mimba, na hapa palikuwa na mzee akitafuta njia ya kuzitungisha.

Hofu hizo hazikuwa zote za wivu. James Watson, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioonya kwamba watoto wenye ulemavu wangeweza kuzaliwa kutokana na kazi hiyo. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kuwa hilo lisingetokea. Steptoe na Edwards walikuwa na ushahidi wa wanyama wa maabara na walichokiona kwenye darubini, lakini mtoto wa kwanza peke yake ndiye angetoa jibu kamili.

Fedha zilipatikana kwa wafadhili binafsi, hasa tajiri mmoja wa kike kutoka California, Marekani. Kazi ikaendelea.

Wanawake 282

Miaka iliyofuata ndiyo migumu zaidi katika maisha ya Steptoe, na ndiyo isiyosimuliwa sana. Daftari za maabara zilizohifadhiwa zilikuja kuchunguzwa na wanahistoria wa sayansi, ambao walichapisha matokeo yao mwaka wa 2015. Walihesabu wanawake 282 waliojitolea kati ya 1969 na 1978. Steptoe aliingiza chombo chake matumboni mwao mara 457. Viinitete vilirudishwa mara 112. Mimba zilizoshika zilikuwa tano pekee, na watoto waliozaliwa wakiwa hai walikuwa wawili.

Maana yake ni kwamba wanawake 280 walirudi nyumbani mikono mitupu. Wengi walikuwa wamepewa nusukaputi na kutobolewa, na waliorudishiwa kiinitete walingoja, kisha wengi wao wakaona damu yao ya mwezi na kujua kwamba imeshindikana. Baadhi yao walirudi mara ya pili na ya tatu.

Mwaka wa 1975 palitokea dalili ya kwanza ya ushindi. Mwanamke mmoja alipata mimba. Furaha haikudumu, kwani iligunduliwa kuwa kiinitete kilikuwa kimejishikiza nje ya mji wa mimba, na ikabidi mimba hiyo iondolewe ili kuokoa maisha ya mama.

Walijaribu kila njia. Mwanzoni waliwapa wanawake homoni ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Baadaye walishuku kwamba dawa hizo, pamoja na zile za kusaidia mimba ishike, ndizo zilizokuwa zikiuvuruga mji wa mimba. Ndipo mwaka wa 1977 walipoamua kuziacha na kufuata mzunguko wa kawaida wa mwili. Maana yake ilikuwa kutafuta yai moja tu, katika saa zake hasa.

Kazi ikawa ya mchana na usiku. Mkojo wa wanawake ulipimwa kila baada ya saa chache ili kuitambua homoni inayoashiria kuwa yai linakaribia kutoka. Dalili ilipoonekana, saa zilihesabiwa, na Steptoe akaitwa hata kama ni alfajiri.

Mimba ya Lesley

Lesley Brown alitoka Bristol. Mumewe, John, alikuwa dereva wa lori katika shirika la reli. Walikuwa wametafuta mtoto kwa miaka tisa. Mirija yake ilikuwa imeziba, na huzuni ilikuwa imemwelemea hadi ndoa yenyewe ikatikisika.

Novemba 10, 1977 Steptoe alichukua yai moja kutoka kwa Lesley. Edwards aliliunganisha na mbegu za mumewe. Purdy ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona, kupitia darubini, kwamba chembe zimeanza kugawanyika. Usiku, siku mbili baadaye, kiinitete chenye chembe nane kilirudishwa tumboni mwa Lesley.

Kuna jambo ambalo limewafanya wengi kujiuliza maswali tangu wakati huo. Lesley alisimulia baadaye kwamba hakujua kuwa angekuwa wa kwanza. Alidhani watoto wengine walikuwa wameshazaliwa kwa njia hiyo. Kama aliambiwa akasahau, au hakuelezwa kwa uwazi, ni swali ambalo hospitali ya leo isingeruhusiwa kuliacha likining'inia. Fomu za ridhaa ambazo wagonjwa husaini siku hizi, na kamati za maadili zinazopitia kila utafiti, zilikuwa bado changa wakati huo.

Mimba ilipokua, habari zilivuja. Steptoe alimficha mgonjwa wake. Shinikizo la damu la Lesley lilipopanda, aliamua kumzalisha kwa upasuaji siku chache kabla ya tarehe iliyotarajiwa. Tukio zima lilipigwa filamu ili asije mtu akadai kwamba mimba hiyo ilitungwa kwa njia ya kawaida.

Wazazi walimpa mtoto jina la Louise. Steptoe ndiye aliyependekeza jina lake la pili, Joy, lenye maana ya furaha.

Kelele za dunia

Magazeti yalimwita Louise mtoto wa chupa, ingawa hakuna chupa iliyohusika. Kilichotumika ni kisahani kidogo cha kioo. Baadhi ya watu walishangilia. Wengine waliwaandikia wazazi barua za matusi.

Viongozi wa dini walitofautiana. Kadinali Albino Luciani wa Venice, ambaye wiki chache baadaye alichaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo wa Kwanza, alieleza wasiwasi wake kuhusu mbinu hiyo lakini akakataa kuwalaumu wazazi wa mtoto. Kanisa Katoliki lilikuja kuipinga rasmi katika waraka wa mwaka wa 1987. Nchini Misri, Sheikh Jad al-Haqq alitoa fatwa mwaka wa 1980 akiihalalisha kwa sharti kwamba yai liwe la mke na mbegu ziwe za mumewe, bila kumhusisha mtu wa tatu. Fatwa hiyo iliwafungulia njia Waislamu wengi, wakiwamo wa Afrika Mashariki.

Steptoe hakuwa mtu wa kujibizana na wanatheolojia. Msimamo wake ulikuwa kwamba yeye si mchawi wala muumba wa viumbe vya ajabu. Alijiona kuwa tabibu anayerekebisha kasoro ndogo katika mwili wa mwanamke, kama vile wengine wanavyorekebisha moyo au macho. Aliye kando haangukiwi na mti. Steptoe aliamini kuwa wengi waliomshutumu walikuwa na watoto wao nyumbani.

Wapo pia madaktari waliodai kwamba habari hizo zilikuwa za magazeti tu, kwa kuwa taarifa ya kwanza katika jarida la Lancet la Agosti 1978 ilikuwa barua fupi. Januari 1979 Steptoe na Edwards walisimama mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi mjini London na kueleza kazi yao hatua kwa hatua. Walipomaliza, ukumbi ulisimama na kuwapigia makofi. Mwezi huohuo mtoto wa pili, mvulana, alizaliwa mjini Glasgow, Scotland.

Kliniki ya Bourn Hall

Ungedhani kwamba baada ya hapo serikali ingemjengea Steptoe kliniki. Haikuwa hivyo. Alikuwa amestaafu, na huduma ya afya ya umma ilikataa kugharamia kituo cha kuendeleza tiba hiyo. Kwa zaidi ya miaka miwili kazi ilikwama, huku maelfu ya wanawake wakiandika barua kuomba msaada na nchi nyingine, hasa Australia, zikisonga mbele.

Hatimaye, kwa fedha za watu binafsi, watatu hao walifungua kliniki mwaka wa 1980 katika jumba la kale la Bourn Hall, nje ya mji wa Cambridge. Purdy ndiye aliyelipata jumba hilo. Mwanzoni wagonjwa walilazwa katika vyumba vya muda vilivyowekwa uani. Steptoe aliendelea kupasua, kufundisha na kuwatembelea wagonjwa vitandani akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakipumzika.

Jambo moja lilimkera. Oldham alikuwa amewahudumia wake za wafanyakazi wa viwandani. Bourn Hall ilikuwa ya kulipia, na wenye uwezo ndio waliotangulia. Tiba iliyobuniwa kwa ajili ya mke wa dereva wa lori ilikuwa ikielekea kuwa ya matajiri.

Purdy alifariki Machi 1985 kwa saratani akiwa na umri wa miaka 39. Steptoe naye alipatwa na saratani. Mwaka wa 1987 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kuu ya wanasayansi wa Uingereza, na mwaka uliofuata akatunukiwa nishani na Malkia. Alifariki Machi 21, 1988 mjini Canterbury, akiwa na umri wa miaka 74. Kufikia wakati huo, zaidi ya watoto 1,000 walikuwa wamepatikana kupitia kliniki ya Bourn Hall.

Heshima iliyochelewa

Mwaka wa 2010 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa kazi hiyo. Aliyetunukiwa ni Edwards peke yake, kwa kuwa tuzo hiyo haitolewi kwa waliokufa. Wakati huo Edwards alikuwa mgonjwa na hakuweza kusafiri, hivyo mkewe ndiye aliyekwenda kuipokea. Alifariki mwaka wa 2013.

Purdy alisubiri zaidi. Wakuu wa afya wa Oldham walipotengeneza kibao cha kumbukumbu miaka ya 1980, jina lake liliachwa nje. Barua zilizowekwa hadharani mwaka wa 2019 zilionyesha kuwa Edwards alilalamika, akisisitiza kwamba mchango wa muuguzi huyo ulilingana na wake, lakini hakusikizwa. Vibao vya miaka ya karibuni vimelirekebisha kosa hilo.

Tangu usiku ule wa Oldham, zaidi ya watoto milioni 10 wamezaliwa duniani kwa mbinu hiyo. Nairobi ilishuhudia watoto wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka wa 2006. Desemba mwaka huohuo, Louise Brown mwenyewe alijifungua mtoto wa kiume, mimba yake ikiwa imetungwa kwa njia ya kawaida. Waliohofia kwamba watoto hao wangekua wakiwa na kasoro, au wasingeweza kuzaa, walipata jibu.

Lililobaki bila jibu ni lile lililomkera Steptoe wa Bourn Hall. Nchini Kenya jaribio moja la tiba hiyo hugharimu maelfu ya mamia ya shilingi, na si kila jaribio hufaulu. Mwanamke wa kijijini ambaye mirija yake imeziba bado huitwa tasa na wakwe zake, huku mume akishauriwa kuoa mwingine, ingawa dawa yake imekuwapo duniani tangu 1978.